Kwanza Tulikosa Bidhaa, Kisha Tukakosa Pesa

Watu wa rika langu tuliokulia Dar es Salaam, tukikutana msibani au harusini, hatukawii kuanza habari za miaka ya 1980: foleni, unga wa Yanga, majani ya mpapai ya kufulia, makatambuga ya tairi. Vijana wakitusikiliza wanaondoka na picha ya dhiki moja ndefu, iliyoanza na vita vya Kagera ikaisha Mzee Mwinyi aliposema ruksa. Kila nikiisikia simulizi hiyo natamani kuikatiza. Dhiki zilikuwa mbili, na hazikufanana hata kidogo. Katika ya kwanza vijisenti vilikuwepo na vitu vya kununua havikuwepo. Katika ya pili vitu vikarudi tele madukani, na pesa ndiyo ikawa haionekani. Mwanamke aliyekuwa hodari wa kuendesha nyumba katika dhiki ya kwanza alilazimika kuanza kujifunza upya katika ya pili, kwa sababu ujuzi wa ile haukufaa kitu katika hii. Na mapinduzi yaliyotokea ndani ya nyumba za wafanyakazi wa jiji hili yalitokea pale katikati, mama zetu walipokuwa wanahama kutoka ujuzi mmoja kwenda mwingine.

Kwetu ilikuwa Magomeni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, uani choo, bafu na jiko la pamoja. Sisi tulipanga vyumba viwili: baba, mama, shangazi na watoto watano. Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968. Mama alitokea Ifakara, hakuwa na ajira, na alikuwa amesoma hadi darasa la nne. Alikuwa na daftari. Kila jioni baada ya kuosha vyombo alikaa chini ya koroboi akaandika siku ilivyokwenda: kilichoingia, kilichotoka, nani anatudai, nani tunamdai. Nayasema haya mapema kwa sababu historia ya miaka ile imeandikwa sana kwa upande wa Ikulu, Benki Kuu na Shirika la Fedha la Kimataifa, na upande wa daftari la jikoni haujaandikwa inavyostahili.

Tulifikaje kwenye dhiki ile ya kwanza? Si kwa siku moja. Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli duniani ilipanda ghafla, na ukame wa 1973 na 1974 ukailazimisha nchi kununua nafaka nje kwa fedha nyingi za kigeni. Mwaka huohuo wa 1973 iliundwa Tume ya Taifa ya Bei, na kampuni za biashara za mikoa, zile RTC ambazo kila mtu mzima anazikumbuka, zikachukua kazi ya kusambaza bidhaa kwa jumla. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia kuyaondoa maduka ya watu binafsi na kuweka ya vijiji na ya ushirika. Na mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa, mpaka wetu na Kenya ukafungwa na kubaki hivyo hadi 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vita vilipokwisha mwaka uliofuata, Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Wakati huohuo mafuta yakapanda tena bei, mara ya pili katika muongo mmoja, na bei za kahawa, pamba na katani zetu hazikufua dafu. Viwanda vilikosa vipuri, vikafanya kazi chini sana ya uwezo wake. Ile miezi 18 ilipita na mkanda haukulegezwa.

Sasa tazama hesabu ilivyokuwa mezani. Kima cha chini cha mshahara mjini, ambacho 1974 kilikuwa shilingi 340 kwa mwezi, kilifikishwa 480 mwaka 1980 na 600 mwaka 1981. Sembe, sukari, sabuni, mafuta ya kula, vyote vilikuwa na bei iliyopangwa na serikali, bei ambayo mfanyakazi angeweza kuimudu. Baba alikuwa juu kidogo ya kima cha chini. Kwa bei ya serikali mshahara wake ungetufikisha mwisho wa mwezi kwa kujibana. Tatizo ni kwamba kwa bei ya serikali hukupata kitu. Bei ilikuwa ubaoni, rafu tupu. Kitu kilekile kilipatikana usiku, mlango wa nyuma, kwa bei mara kadhaa ya ile ya ubaoni.

Kwa hiyo bajeti ya nyumba haikuhesabiwa kwa shilingi peke yake. Ilihesabiwa kwa watu na kwa saa. Nyumba yenye watoto watano ilikuwa tajiri kuliko nyumba ya mtu na mkewe wenye mishahara miwili, kwa sababu watoto watano wanaweza kusimama foleni tano. Tulitumwa alfajiri kuweka jiwe. Ulikwenda na jiwe lako, ukaliweka mbele ya duka lililofungwa, nyuma ya jiwe la mwenzako, na mahali pale palikuwa pako hadi duka lifunguliwe. Wengine waliweka kikapu chakavu, wengine tofali. Mama alikuwa ametuchagulia mawe ambayo hayafanani na ya wengine, na kila mtoto alilijua lake. Ukipita mtaani ukakuta watu wamejipanga, ulijiunga kwanza, ukauliza baadaye kinauzwa nini. Kikiwa ni dawa ya meno ulinunua dawa ya meno, hata kama nyumbani mlikuwa mnasaka chumvi, kwa sababu jirani mwenye chumvi alikuwa anasaka dawa ya meno.

Hapo ndipo daftari la mama lilipokuwa na kazi yake kubwa. Kurasa za miaka hiyo nyingi hazina shilingi. Zinasema: kipande cha sabuni kwa jirani wa chumba cha mbele, chupa ya mafuta ya taa kutoka kwa mama mwenye nyumba, sukari, vikombe viwili, kwa mke wa balozi. Huyo mke wa balozi alikuwa mtu wa kuangaliwa vizuri, kwani balozi wa nyumba kumi ndiye aliyejua lori la RTC litashusha wapi na ndiye aliyethibitisha idadi ya watu wa kaya yako. Sabuni ilinunuliwa mche mzima ilipopatikana, ikakatwa kwa uzi, vipande vikawekwa juani vikauke ili visiyeyuke haraka kwenye maji. Ilipokosekana kabisa, nguo nyeupe za shule zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Unayatwanga kidogo, unayafikicha ndani ya maji mpaka yatoe povu la kijani, unaloweka. Uchafu hutoka. Shati hubaki na harufu ya jani bichi, na darasa zima lilikuwa linanukia hivyo.

Khanga zilikuwa benki. Wafanyakazi wa kiwandani mara mojamoja waliruhusiwa kununua doti kwa bei ya kiwanda, na baba aliporudi nayo mama hakuivaa. Iliingia sandukuni kusubiri safari ya Ifakara. Kule mpunga ulikuwepo na nguo hazikuwepo. Huku nguo ziliwezekana na mchele haukuwezekana. Reli ya TAZARA, iliyozinduliwa 1976, ilikuwa inapita kwao mama, na ndiyo iliyotulisha. Lakini sheria haikumruhusu mtu binafsi kusafirisha zaidi ya kilo 30 za nafaka kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, maana biashara ya nafaka ilikuwa ya Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Kwa hiyo wanawake walisafiri kwa makundi. Mama, shangazi, dada mkubwa na binamu wawili walipanda treni moja wakaketi mabehewa tofauti, kila mmoja na mfuko wake uliopimwa sawasawa na sheria. Kilo 150 zikafika Dar es Salaam bila mtu kuvunja neno lolote la sheria, zikaunganishwa chini ya kitanda chetu. Nusu ililiwa. Nusu ilikwenda kulipa yale yaliyoandikwa daftarini.

Jikoni mambo yalikuwa na ufundi wake. Mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani yalisagwa yakawa unga wa Yanga, jina lililotokana na rangi ya jezi ya klabu, na mashabiki wa Simba wakaula vilevile. Ugali wake ulikuwa mzito, una utamu usiopendwa, na watoto waliunung'unikia. Mama aliuchanganya na unga wa muhogo ili uwe mweupe kidogo. Ilikuja pia bulga, ngano iliyopondwa, ambayo wengi waliijua kwanza kwenye masufuria ya shule. Yeye aliipika kama wali, kwa tui. Nazi moja ilikunwa kwa siku mbili. Tui zito la nusu ya kwanza lilikwenda kwenye mboga, jepesi likachemshia wali, na machicha yaliyobaki hayakutupwa: yalipakwa kwenye ngozi ya watoto badala ya mafuta ya kujipaka. Mboga ilikuwa tembele au kisamvu, dagaa kidogo ikibidi. Chai iliyokosa sukari ilinywewa na kipande cha muwa mkononi, unatafuna, unapiga funda.

Mkaa ulikuwa na bei yake, na mafuta ya taa yalipatikana kwa bahati, kwa hiyo nyumba nyingi za Magomeni zilipikia jiko la unga wa mbao. Naomba nieleze lilivyojazwa, maana sijaliona tena kwa miaka mingi na naona wanaolijua wanapungua. Unachukua debe, unatoboa tundu ubavuni karibu na kitako. Unasimamisha chupa ya soda katikati ya debe, unapitisha kijiti kinene kwenye lile tundu la chini hadi kiguse chupa. Kisha unamwaga unga wa mbao kidogokidogo kuzunguka chupa huku unaushindilia kwa mchi. Usiposhindilia barabara, jiko litaanguka kwa ndani katikati ya mapishi na moto utazimika. Debe likijaa, unazungusha chupa taratibu na kuichomoa, kisha unachomoa kijiti. Limebaki bomba la hewa lililosimama, limeungana na tundu la chini. Unawasha kwa karatasi pale chini, moto unapanda ndani ya bomba na kula unga wa mbao kuanzia ndani kwenda nje, polepole, bila kuhitaji kupuliziwa. Debe moja liliivisha maharage na bado likapika ugali wa jioni. Moshi wake uliwasha macho, na kazi ya kushindilia ilikuwa ya mtoto wa kiume aliyechelewa kurudi kutoka kucheza. Unga wenyewe tulipewa bure na seremala wa mtaa wa pili. Baadaye, wateja walipokuwa wengi, akaanza kuuza kwa gunia.

Machi 1983 ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Nampa Sokoine heshima yake yote. Alikuwa mtu mnyofu, na alipofariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Aprili 12, 1984, mama alilia kama aliyefiwa na kaka, na mtaa mzima ulikuwa kimya siku hiyo. Watu walifurahi kuona magunia ya sukari na katoni za sabuni zikitolewa kwenye maghala ya waliozificha. Lakini ninayeandika historia ya jikoni lazima niseme lililotokea jikoni. Wenye vitu waliogopa, wakavitupa usiku, majalalani na mitaroni, na mlango wa nyuma ambao ulikuwa wa ghali lakini ulikuwa mlango, ukafungwa. Kwa miezi kadhaa haikuwezekana kununua hata kwa bei ya ulanguzi. Ndipo maduka ya kaya yakaenea mitaani, kila familia ikaandikishwa na kugawiwa kiasi chake. Mgawo ulileta haki. Aliyekuwa hana watoto wa kuweka mawe naye akapata. Ila mgawo ulikuwa mdogo, na ulikuja siku uliyotaka wenyewe kuja.

Mwaka huohuo wa 1983 ikaja Nguvu Kazi, sheria ya kumtaka kila mtu awe na kazi inayotambulika. Mjini watu walikamatwa barabarani kwa kukosa kitambulisho cha kazi na kupelekwa mashambani. Mama zetu waliokuwa wameanza kuuza vitu vidogo vidogo vibarazani walijikuta hawajui kama wanahesabiwa kuwa wana kazi au hawana. Mama alijibu kwa kuhamisha biashara kutoka barazani hadi uani. Wateja wakaingia kwa mlango wa nyumba kama wageni.

Biashara ile ilikuwa mihogo na karanga. Nimewahi kuulizwa kwa nini hakupika maandazi, biashara ambayo kila mtu anaifikiria kwanza. Maandazi yalidai unga wa ngano, sukari na mafuta, vitu vitatu vilivyokuwa vimeadimika kwa pamoja. Muhogo ulitoka Kisarawe na Mkuranga kwa migongo ya watu na kwa magari ya mizigo, haukuwa na mgawo wala kibali, na ulichemshwa kwa maji na chumvi. Karanga zilikaangwa kwa mchanga wa moto, hazikuhitaji tone la mafuta. Zilifungwa kwenye karatasi za madaftari yetu ya shule yaliyokwisha. Vibarua waliokuwa wakitoka kazini walinunua muhogo mmoja na fungu la karanga, na hicho kikawa chakula chao cha mchana kilichochelewa. Katika dhiki ile ya kwanza, faida ya biashara haikuwa nyingi, lakini ilikuja kila siku, na hilo mshahara haukuliweza.

Kisha, Juni 1984, upepo ukageuka. Bajeti ya mwaka huo, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa alikozipata. Ruzuku ya sembe ikaondolewa. Kodi ya maendeleo ikaanzishwa kwa kila mtu mzima, na ada ikarudishwa katika shule za sekondari. Kiwango cha nafaka ambacho mtu binafsi angeweza kusafirisha kilipandishwa kutoka kilo 30 hadi 500, na miaka mitatu baadaye kikomo kikaondolewa kabisa. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa hadi shilingi 810. Novemba 1985 Mwalimu aling'atuka, Ali Hassan Mwinyi akashika nchi, na mwaka uliofuata tukafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ambayo Mwalimu alikuwa ameyakataa kwa miaka sita. Dola iliyokuwa karibu shilingi 17 ikafikishwa 40.

Ninachokumbuka mimi ni madirisha. Ndani ya muda mfupi maduka ya Kariakoo na Mtaa wa Uhuru, yaliyokuwa na pakiti za chumvi zilizopangwa kwa nafasi kubwa ili rafu ionekane ina kitu, yalijaa sabuni za kila rangi, vitenge, redio, biskuti. Nguo za mitumba, ambazo zamani tuliziita kafa Ulaya, zikamwagwa chini marobota kwa marobota. Baba alitupeleka Jumapili moja kutazama. Tulitazama, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Mawe ya foleni yalikuwa hayana kazi tena. Watoto watano waliokuwa mali ya nyumba wakawa midomo mitano, wawili kati yao wanadaiwa ada. Kuaminiana na mke wa balozi hakukushusha bei ya sukari. Hata khanga, ile benki ya sandukuni, ilipungua thamani, kwani kule Ifakara nako nguo zilifika na mchele ukaanza kuuzwa kwa pesa taslimu kwa wafanyabiashara wenye malori. Mama aliniambia baadaye kwamba mwaka 1985 ndio uliomtisha kuliko miaka ile ya foleni. Kwenye foleni, alisema, ulijua ukiamka mapema zaidi utapata. Huku kwenye maduka yaliyojaa, kuamka mapema hakukusaidia kitu.

Ujuzi mpya ulikuwa wa kugawanya kitu hadi kifikie pesa iliyopo. Soko lilijifunza haraka. Mafuta ya kula yakauzwa kwa kipimo cha kikombe cha kahawa, sukari kwa kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo, nyanya kwa mafungu ya tatu tatu, dawa ya mbu kipande kimoja, sigara moja. Wapo wanaosema maskini hununua ghali zaidi kwa kununua kidogo kidogo, na kwa hesabu ya kilo wana haki. Lakini hesabu ya kilo inafaa mwenye pesa ya kilo. Mama aliposhika hela ya siku, swali lake lilikuwa hii inafanya nini leo hadi jioni, na kipimo cha kikombe ndicho kilichomjibu. Dona ikachukua nafasi ya sembe kwa kuwa haipotezi pumba. Chakula cha mchana kikasogezwa hadi saa tisa au kumi, kikawa ndicho na cha usiku.

Kugawanya peke yake kungetumaliza taratibu. Lililotuinua ni upatu. Upatu ulikuwepo pwani tangu zamani, wa nafaka, wa vyombo, wa pesa. Hakuna aliyeubuni miaka hiyo. Ila sasa uliingia kwenye kazi ambayo benki zilizotaifishwa 1967 hazikuwahi kumfanyia mwanamke wa uani: kumpa mtaji. Wa kwetu ulikuwa wa wanawake 10, na mchango ulitolewa kila baada ya siku tano. Kijumbe alikuwa mama. Kazi ya kijumbe ni kupita kwa kila mmoja, kukusanya, na siku hiyohiyo kumkabidhi mwenye zamu fungu lote. Asilale na pesa ya watu. Zamu zilipangwa kwa kura mbele ya wote, ila aliyefiwa au aliyekuwa na mtoto hospitalini alisogezwa mbele na hakuna aliyelalamika. Kijumbe alichukua zamu ya kwanza kwa malipo ya jasho lake, na kwa malipo hayohayo alibeba mzigo: mmoja akishindwa kutoa au akihama usiku, kijumbe anajaza pengo kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo hakuandikishwa mtu asiyejulikana mwenendo. Aliulizwa anakaa wapi, anauza nini, amewahi kucheza na nani. Mwanamke aliyesifiwa mtaani kuwa anacheza vizuri alikuwa na jina ambalo mshahara wa mumewe usingeweza kumnunulia.

Angalia kilichotokea kwa pesa yenyewe. Mchango wa siku tano ulikuwa mdogo, ungeliwa na nyanya na mkaa bila kuacha alama. Ukiwa fungu la watu kumi uliweza kununua kitu ambacho mkono mmoja haukifikii: gunia zima la unga wa ngano badala ya kilo mbili, debe la mafuta, jiko kubwa, cherehani iliyotumika. Mama alihamia maandazi hapo, zamu yake ya pili ilipomfikia, wakati unga ulipokuwa unapatikana na wapishi wa maandazi wakizidi kila uchochoro. Alishinda kwa kuamka saa tisa usiku na kuwahi vituo vya daladala, magari ya abiria ya watu binafsi yaliyokuwa yameruhusiwa rasmi 1983 kulisaidia shirika la mabasi la jiji, UDA. Makondakta na madereva walikula mapema, walilipa taslimu, na hawakuwa na muda wa kubishana bei.

Ilikuwa hivyo karibu kila nyumba. Jirani mmoja aliuza barafu, mwingine alishona, muuguzi wa mtaa wa nyuma alifuga kuku wa mayai sebuleni. Mchicha ulilimwa bonde lote la Msimbazi. Neno la kila mtu likawa mradi: una mradi gani? Wafanyakazi wa ofisini waliuliza hivyo, walimu waliuliza hivyo, na wake za viongozi pia walikuwa na banda la kuku Mikocheni wakati Azimio la Arusha lilikuwa bado linamkataza kiongozi na mwenzi wake kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni au nyumba ya kupangisha. Wanasiasa walipokutana Zanzibar, Februari 1991, na kulegeza masharti hayo, waliandika karatasini jambo ambalo wanawake wa Magomeni, Manzese na Temeke walikuwa wameshalitenda kwa muda mrefu ili watoto wale.

Ndani ya nyumba yetu mabadiliko yalikuja bila tangazo. Zamani baba aliacha hela ya matumizi kila asubuhi juu ya meza, chini ya kikombe, na mama aliishika bila kuihesabu mbele yake. Mshahara ulipokuwa hautoshi hata wiki mbili, kikombe kikabaki kitupu, kwanza siku moja moja, halafu mfululizo. Baba alikuwa mtu mpole, aliona haya, akawa anatoka mapema kabla hatujaamka. Mama hakusema neno mbele yetu. Ada ya kaka yangu ilitoka kwenye maandazi. Kodi ya vyumba ilitoka kwenye zamu ya upatu. Nayaona yote hayo kwenye daftari la 1987, kwa mwandiko wake wa darasa la nne, herufi kubwa zilizolalia kulia. Na kuanzia katikati ya mwaka huo, kila Jumatatu, kuna mstari unaojirudia hadi ukurasa wa mwisho: nauli ya Ubungo, baba watoto, na kiasi alichompa.